Kumfuata Ndege Msituni Sikonge: Kumbukumbu za Safari ya Asali

Jumamosi, Mombasa hadi Dar es Salaam

Kwetu Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hata usingepigwa mimi si mtu wa bunduki. Windo lililotutoa Mombasa ni asali. Kuna ile ya mwituni, inayotafutwa kwa kumfuata ndege, na kuna ya mizinga inayotundikwa juu ya miti kwenye misitu ya miombo ya Sikonge, kusini mwa Tabora. Miaka kadhaa jirani yetu wa Kisauni, fundi seremala Mnyamwezi, alikuwa akirudi kutoka likizo kwao na ndoo ya asali nyeusi yenye harufu ya moshi. Aliporudi kwao moja kwa moja, ndoo ziliendelea kufika kwa mabasi, kila moja na ujumbe uleule: njooni muone inakotoka.

Tuko watatu. Mmoja ni Mkamba wa Kitui, aliyekulia chini ya mizinga ya magogo ya babake. Wa pili ni Mborana wa Marsabit, mwalimu, ambaye babu yake alikuwa mrina asali. Mimi ni Mswahili wa Mji wa Kale, na kabla ya safari hii asali niliijua ikiwa chupani.

Lungalunga tulipita asubuhi na mapema na hati zetu za muda za kusafiria. Upande wa Horohoro foleni haikuwa ndefu. Tanga, Segera, Chalinze, kisha Dar usiku. Sina la kuandika zaidi ya joto.

Jumapili, Dar hadi Tabora

Treni ya umeme hadi Dodoma, ile iliyoanza kufika huko mwaka 2024, kisha basi kupitia Manyoni na Itigi. Baada ya Itigi nchi hubadilika. Vichaka vizito vinakwisha taratibu na miti inaanza kusimama kwa nafasi, mirefu kiasi, vilele vyake vimetandazwa kama miavuli, chini nyasi za rangi ya simba. Rafiki yangu wa Kitui aliacha kusinzia akasogea dirishani. Kila baada ya muda alisema, "Ule pale," na kweli palikuwa na mzinga juu ya tawi, mrefu, wa kijivu, umelala. Mimi niliukosa mara nyingi kabla ya jicho kuzoea. Ukishauona mmoja, msitu wote unaanza kukuonyesha.

Mwenyeji wetu, yule fundi wa Kisauni, alitupokea stendi ya Tabora usiku, amevaa koti zito. Mwezi wa sita Tabora ni baridi, na sisi watu wa pwani tulikuja na mashati.

Jumatatu, Tabora mjini

Siku ya vibali. Msitu tunaokwenda ni wa hifadhi, na huwezi kuingia na ndoo na shoka kama unakwenda shambani kwako. Mwenyeji wetu alikuwa ameshaanza taratibu wiki kadhaa kabla, kijijini na kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu. Sisi tulikamilisha kwa kuonyesha hati zetu na kueleza kwamba tunakwenda kama wageni wa mrina asali mwenye mizinga yake, hatuendi kuwinda nyama. Nilipenda uzito wa maswali waliyotuuliza. Mtu anayelinda msitu anapaswa kuuliza maswali.

Mchana tukazunguka mji. Miembe ya Tabora ni mikubwa mno, na kivuli chake kinakufanya usahau kwamba uko bara la ndani kabisa. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara, pembe na watumwa wakitoka Ujiji na Ziwa Tanganyika kwenda Bagamoyo, na shanga na vitambaa vikija huku. Mwenyeji wetu alituonyesha upande lilikokuwa boma la Mtemi Isike, aliyepigana na Wajerumani na akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 badala ya kukamatwa. Reli ilifika 1912, na biashara ya misafara ikafa. Nta haikufa. Wanyamwezi waliendelea kuiuza kwa miongo mingi ya ukoloni, hata pale ambapo wanunuzi hawakuitaka asali yenyewe.

Sokoni asali imejaa kwenye chupa za maji, madumu na ndoo. Rafiki wa Kitui alionja kwa wauzaji mbalimbali kwa heshima, akinyamaza. Tulipotoka akatuambia nyingine zilikuwa zimepashwa moto sana ndiyo maana zilikuwa na ladha ya kuungua, na nyingine ni mbichi, zilivunwa masega kabla hayajafunikwa na nyuki. Sikujua kwamba ulimi unaweza kufundishwa hivyo.

Kuna jambo alilotusimulia mwenyeji wetu usiku ambalo sikulitegemea. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki wa Afrika ili kuboresha ufugaji kwao. Wengi walitoka Afrika Kusini, na Tabora nayo ilichangia. Mwaka 1957 makundi yalitoroka huko Rio Claro, yakachanganyika na nyuki wa Kizungu, yakaenea bara zima, na kufikia 1990 yalikuwa yameingia Marekani kupitia Texas. Wamarekani wakawaita nyuki wauaji. "Hapa ni nyuki tu," alisema mwenyeji wetu. "Ni wakali kwa sababu kila kitu msituni kinataka asali yao. Mpole angekwisha zamani."

Jumanne, kuelekea Ipole

Lami kutoka Tabora kwenda Sikonge ni nzuri, na inaendelea kupita Ipole kuelekea Mpanda. Tulishuka kabla, tukachukua bodaboda kuingia ndani kwa njia ya mchanga hadi kijiji cha baba yake mwenyeji wetu. Ndiye mrina asali hasa. Mwanawe ametuambia tumwite Babu, na wote kijijini wanamwita hivyo.

"Mwangaluka," tulimwambia, kama tulivyofundishwa njiani.

"Mwangaluka, wanangu. Karibuni. Mmekuja mbali kufuata wadudu."

Bibi alitupa viti vya miguu mitatu chini ya mwembe, na kabla ya maneno mengine tukaletewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa juani, pamoja na karanga. Jioni ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga zilizotwangwa. Niliomba kuongezwa.

Babu alitukagua. Hakuuliza kama tunaweza kutembea. Aliuliza nani amejipaka marashi. Mimi. Kwetu Mombasa mwanamume hatoki nyumbani bila tone la udi au miski. Akaagiza nguo zangu zote zifuliwe kwa maji matupu na zianikwe juu ya moshi wa jiko. Kisha akasema kesho hakuna kula ndizi. Rafiki yetu mwalimu ndiye aliyeeleza sababu: nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na sehemu kubwa ya harufu hiyo ni kemikali ileile inayonukia kwenye ndizi mbivu. Babu hakuwahi kusikia habari za kemikali. Yeye alifundishwa na baba yake, na baba yake na babu yake, na hoja ilikuwa moja: aliyekula ndizi huchomwa kwanza.

Baada ya isha aliniuliza kama najua ile aya ya nyuki. Nikamsomea, ile ya Surat an-Nahl, Mwenyezi Mungu anapomfunulia nyuki ajitengenezee nyumba milimani, na mitini, na katika vile wanavyojenga watu. Alitikisa kichwa kwa kila neno. "Umesikia," akamwambia mjukuu wake wa miaka kumi na kitu, atakayekwenda nasi. "Mitini. Mti ukiisha atakaa wapi?"

Jumatano, kambini

Tuliondoka alfajiri kwa baiskeli na miguu. Baiskeli hazikuwa za kupanda. Zilibeba ndoo tupu zenye vifuniko, unga, chumvi, maji, kamba na blanketi. Babu alitangulia na shoka begani.

Muba ndio mti wa msimu huu. Huchanua mvua zinapokaribia kwisha na kuendelea hadi mwezi huu, kwa hiyo mizinga inayovunwa sasa imejaa asali yake. Mtundu huchanua karibu na Septemba na Oktoba, kabla mvua mpya hazijaanza, na asali yake huvunwa Novemba. Ni ajabu ya miombo: inatoa maua na majani mapya wakati ardhi imekauka kama kigae, kana kwamba imeshaarifiwa kwamba mvua ziko njiani. Miti hiyo miwili, pamoja na muyombo na ndugu zake, ndiyo inayolisha karibu kila nyuki wa hapa. Babu alikuwa akiigusa kwa kiganja tulipopita, akimwambia mjukuu jina na mwezi wa kuchanua. Mtoto alikuwa akirudia.

Mbung'o walianza kutuuma saa nne. Wao ndio waliofanya sehemu hizi zisifugike ng'ombe kwa muda mrefu, na kwa njia hiyo wakasaidia msitu kubaki msitu. Nililitafakari hilo huku nikijipiga mabega. Hapa mdudu mmoja anayeuma analinda nyumba ya mdudu mwingine anayechoma.

Kambi ni kibanda cha matawi na nyasi karibu na kijito kilichobaki madimbwi. Babu amekuwa akilala hapo kila msimu tangu ujana wake. Tulipika, tukalala mchana, kwa sababu mizinga hufunguliwa usiku.

Sasa niandike juu ya usiku huo polepole.

Mzinga wa kwanza ulikuwa juu ya muba, kwenye tawi la pembeni, mbali na shina. Unatundikwa hivyo kwa kulabu ya mti na kamba ili nyegere akipanda asiufikie. Nyegere ana ngozi ambayo miiba ya nyuki haimpi shida sana, na mzinga anaoushika huuharibu wote, asali, majana (watoto wa nyuki) na nta. Babu alifunga mwenge: magome makavu katikati, majani mabichi nje, ukafungwa kwa ukanda wa gome. Ukiwaka hautoi mwali, unatoa moshi mzito mweupe. Mwenyeji wetu alipanda bila viatu, mwenge ukining'inia kwa kamba kiunoni. Tulizima tochi zote. Nyuki usiku hawaruki ovyo, wanatambaa, lakini wakiona mwanga wanaufuata.

Tulimsikia akigonga kifuniko. Halafu mlio ukapanda kutoka ndani ya mzinga, sauti ya kundi zima ikiamka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama mbali na bado niliisikia kifuani. Alipuliza moshi mara kadhaa, akasubiri. Moshi hufunika ile harufu ya tahadhari na huwafanya nyuki wajaze matumbo asali wakidhani moto unakuja, na nyuki aliyeshiba hapindi mkia kirahisi. Mlio ukashuka. Hapo ndipo alipoingiza mkono.

Masega yalishuka kwa ndoo ya kamba. Babu aliyapokea gizani na kuyajua kwa vidole: hili limefunikwa, liingie, hili bado, asali haijaiva. Halafu akapaza sauti juu, "Tosha!" Mwenyeji wetu akajibu kwamba bado kuna mengine. "Nimesema tosha. Yaliyobaki yana majana."

Mkamba wetu alinigusa bega gizani. Kwao pia, alisema, mzee wake alikuwa hagusi upande wa majana, na waliovunja sheria hiyo walikuta mizinga mitupu msimu uliofuata.

Nilichomwa shingoni na mkononi. Mjukuu aliniondolea mwiba kwa kuukwangua kwa ukucha. La muhimu ni kuutoa haraka, maana kifuko chake huendelea kusukuma sumu.

Babu alipomaliza na mwenge aliuzika. Alichimba shimo kwa jembe dogo, akautia, akamwaga maji ya thamani tuliyoyabeba wenyewe, akafukia mchanga, kisha akaweka kiganja juu ya mchanga kuhakikisha hakuna joto. Alifanya hivyo chini ya kila mti usiku ule, hata tulipokuwa tumechoka na tunataka kulala. Mwezi wa sita nyasi zimeshakauka, na cheche moja ya mrina asali inaweza kuteketeza maelfu ya miti iliyo na nyuki wake na wa wenzake. Anajua kwamba warina asali ndio wanaolaumiwa kwanza msitu ukiungua, na mara nyingine lawama ni ya haki.

Alhamisi, ndege

Asubuhi tulikunywa chai yenye asali ya usiku, sega na nta zikielea. Babu akasema mizinga yake imeshatosha, leo tutafute ya Mungu.

Anayetafutwa ni mlembe, ndege wa rangi ya vumbi, mdogo kuliko njiwa, mwenye manyoya meupe pembeni mwa mkia yanayoonekana akiruka. Anakula nta. Ni wanyama wachache sana duniani wanaoweza kuimeng'enya. Anajua nyuki wanakaa wapi lakini hawezi kufungua shimo la mti wala kuwatuliza kwa moshi. Mtu ana shoka na moto lakini hajui mzinga uko mti gani. Kwa hiyo wanaitana. Mreno mmoja aliyeishi Sofala, João dos Santos, alimwona karne ya 16 na akaandika habari zake. Watu wa Afrika walikuwa wameshazoea zamani.

Mwalimu wetu alikuwa amesubiri siku hii kuliko sisi wote. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Adan Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti walioufanya na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, kutafuta mzinga kulichukua wastani wa saa 8.9. Wakiwa na ndege, saa 3.2. Kabla ya utafiti huo wapo wataalamu waliodhani kwamba hadithi za ndege kumwongoza mtu ni simulizi tu za wenyeji. Wazee wa mwalimu hawakuwa na haja ya kuthibitishiwa, lakini anasema siku aliposoma makala ile alimsomea mamake kwa sauti, akimtafsiria mstari kwa mstari.

Warina wa Kiborana humwita ndege kwa mluzi mkali uitwao fuulido, unaopulizwa kwenye ngumi zilizofumbatwa, au kwa kombe la konokono, au kwa tunda la mkoma lililotobolewa. Mwalimu alifumbata ngumi akapuliza. Mluzi ulisafiri mbali, hata mimi niligeuka. Alirudia, tukangoja. Msitu uliendelea na shughuli zake.

Babu alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaanza yeye. Wito wake ulikuwa mwingine kabisa: mluzi wa kupanda na kushuka, kugonga shina kwa mgongo wa shoka, na maneno ya Kinyamwezi katikati, kama mtu anayemwita jirani yake aje wazungumze. Haikupita muda tukasikia jibu, sauti ya kuchakarisha, kiberiti kinachotikiswa. Ndege alikuwa juu ya mtundu.

Mara moja si ushahidi, na mwalimu ndiye wa kwanza kusema hivyo. Lakini alitueleza tukiwa tunatembea kwamba utafiti wa 2016 kule Niassa, Msumbiji, ulionyesha kuwa wito wa Wayao uliongeza uwezekano wa kuonyeshwa mzinga kutoka asilimia 17 hadi 54 ukilinganisha na sauti nyingine. Na utafiti uliochapishwa 2023 uliona kwamba ndege wanaoishi karibu na Wahadza, hapa hapa Tanzania, huitika zaidi mluzi wa Wahadza kuliko wito wa Wayao, na wa Niassa vivyo hivyo kwa watu wao. Kwa hiyo ndege wa Sikonge hana sababu ya kujua fuulido ya Marsabit. Wala mwalimu hakukasirika kwa kushindwa. Alikuwa anacheka kwa furaha, akimfuata Babu kama mwanafunzi.

Ndege anaruka, anatua, anachakarisha, anangoja. Ukichelewa anarudi. Babu alimjibu kila hatua, wala hakukimbia. Tulivuka kijito, tukapanda mwinuko wa mawe, tukashuka. Kisha ndege akanyamaza. Alikaa juu ya tawi bila kulia, na Babu akasimama papo hapo.

"Amefika kwake," akasema. "Sasa ni kazi ya macho."

Mjukuu ndiye aliyewaona: nyuki wakiingia kwenye ufa wa mtundu mkubwa, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Mwenyeji wetu alitaka kukata upande mpana ili mkono uingie vizuri. Babu akakataa. Wako warina wanaoangusha mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja. Tulikuwa tumepita kisiki cha namna hiyo tulipokuja, na Babu hakutaka hata kukikalia. Alipanua ufa kwa shoka kiasi cha mkono wake tu, akatia moshi, akatoa masega ya asali, akaacha yenye majana. Kisha akaziba tundu kwa kipande cha gome na udongo, akabakisha mlango mdogo. Kazi ya kuziba ilichukua muda mrefu kuliko kutoa.

Halafu malipo. Alichukua sega lenye nta na majana machache lililokatika, akaliweka juu ya jani pana mahali pa wazi, mbali na moshi. Kuna jamii nyingine ambazo huficha au kuchoma nta ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Wahadza wameandikwa wakifanya hivyo, na wana sababu zao. Babu hakubali. Kwao mtu asiyemlipa ndege siku nyingine huongozwa kwa simba au kwa nyoka. Nilimwuliza kama limewahi kumtokea.

"Mimi nalipa," akasema.

Ndege huyu, na ni vizuri kulisema, si malaika. Hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, na kifaranga chake huzaliwa na ncha kali mdomoni anazotumia kuwaua watoto wa mwenye kiota. Babu anajua tabia hiyo. Hakuniambia kwamba ndege ni mwema. Aliniambia kwamba wana mkataba.

Ijumaa, askari na mabani

Asubuhi walitufikia askari wa wanyamapori wa kijiji, vijana wawili wenye baiskeli. Walikagua vibali, ndoo, hata kibanda. Walikuwa wamekuta mitego ya nyaya siku mbili kabla, na kambi za warina asali wakati mwingine hutumiwa na majangili kama kisingizio. Babu aliwafungulia kila kitu bila kulalamika, akawapa asali, wakala wamesimama. Walituambia tusisogee upande wa Mto Ugalla. Sehemu kubwa ya lililokuwa pori la akiba huko imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na kuna warina wa zamani ambao njia zao zimebadilika kwa sababu hiyo.

Tukirudi kijijini tulipita mashamba ya tumbaku. Hapo mazungumzo yalipamba moto, na ndiyo mazungumzo niliyotaka kuyaleta Mombasa.

Rafiki wa Kitui alianza kwa kusema kweli: mizinga mingi tuliyoiona ni ya magome. Gome hubanduliwa duara zima kwenye mti mzima, hasa muyombo, na mti ule hufa. Mzinga wenyewe hauishi miaka mingi. Kwa hiyo mrina anaua mti ili kupata nyumba ya nyuki ambao wanahitaji miti. Alimwuliza Babu waziwazi, kwa heshima lakini waziwazi.

Babu hakujitetea. Alisema ameacha kubandua mti ulio hai. Akisikia mtu anasafisha shamba, anakwenda kuchukua magome kwenye miti iliyokwisha kuangushwa. Mizinga mipya anachonga kwenye magogo yaliyoanguka, na ana masanduku ya kisasa machache ambayo mwanawe alitengeneza. Nyuki walikataa kuingia kwa muda mrefu, sasa wameanza. Sanduku lina faida, hukaguliwa bila kuvunja masega ya majana. Ni ghali, na mbao za mninga zinatafutwa na wengine pia.

Kisha akanyosha mkono kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, lililokuwa mbele yetu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto la kuni, usiku na mchana, siku kadhaa kwa kila mzigo, na kuni zilikuwa zimepangwa kando, nyingi zikiwa za miombo. Mwenye bani ni mpwa wake. Hamchukii, tumbaku ndiyo inayolipa ada za shule, na chama cha msingi cha ushirika kinamkopesha mbolea kwa ajili ya tumbaku. Hakuna anayemkopesha mtu kwa ajili ya asali.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini ndoo zile za Kisauni zilikuwa zinatuita. Asali ya Sikonge ni hesabu ya msitu uliosimama. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 inaruhusu kutenga hifadhi za nyuki, hata za kijiji, na hilo ni jema, lakini kijiji hutenga kinachokilisha. Tunaponunua asali ya bei rahisi iliyopashwa moto na kuongezwa maji ya sukari, tunamwambia mpwa wa Babu aendelee kukata. Nimeshakula ya aina hiyo maisha yangu yote.

Jumamosi na Jumapili, kuchuja

Masega yalikamuliwa kwa mikono safi juu ya kitambaa cheupe, ndoo chini, juani kiasi tu asali ilainike yenyewe. Hakuna moto. Nta ilikusanywa kando, itayeyushwa na kuuzwa. Bibi ndiye msimamizi wa sehemu hii, na hata Babu alinawa mikono mara mbili mbele yake.

Tabora mjini, mtu anayefahamiana na mwenyeji wetu alitupimia kwa refraktomita, kifaa cha kupima maji yaliyomo kwenye asali. Kiwango cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20, na asali ya mizinga yote ilipita. Ya ule mti wa mtundu ilikuwa juu kidogo ya kiwango, maana Babu alitoa na masega ambayo hayajafunikwa vizuri ili tundu lisibaki wazi muda mrefu. Hiyo tumeamua itakuwa ya kuliwa nyumbani kwanza, isiwekwe akiba.

Kugawana: fungu la Babu, fungu la mwanawe, ndoo moja ya mjukuu atakayeiuza mwenyewe apate daftari na viatu, na zetu. Nilitaja bei ninayoinunulia asali Mombasa, nikasema tutalipa hiyo kwa kila ndoo, siyo bei ya sokoni Tabora. Mwenyeji wetu alinyamaza, Babu akauliza kama ni bei ya mara moja au ya kila msimu. Tukakubaliana kila msimu, na rafiki wa Kitui ameandika makubaliano kwenye daftari, kila mmoja ametia sahihi, Babu dole gumba.

Kwa mavuno ya mtundu Babu ametukaribisha tena kwa sharti: tufike mapema Novemba, kabla ya mvua kubwa, maana zikishanyesha ile njia ya mchanga ya kuingia kijijini haipitiki kwa bodaboda. Mwalimu hatapata likizo. Mkamba ameshaanza kuuliza bei ya mbao za masanduku, na amemwomba mwenyeji wetu amchoree vipimo kabla basi halijaondoka.